Kisiwa Kisicho na Jirani



Shule zinapokaribia kufungwa, barua zinazoifikia safu hii huanza kuzungumzia safari. Zamani jambo hili halikuwa na mjadala mrefu. Familia iliyopata nafasi ilikwenda Lamu wakati wa Maulidi, au Unguja kwa jamaa, au Tanga kwa shangazi, ikalala kwa wenyeji wake na kurudi na halua ya kuwagawia majirani. Siku hizi simu za mkononi zimetuletea picha za visiwa vya mbali, vyenye mchanga mweupe kama unga na nyumba zilizosimamishwa juu ya maji, na wengi wetu tumeanza kuulizana bei. Kisiwa kinachotajwa zaidi ni Maldivi, kwa kuwa nchi ile ni ya Waislamu, na mtu hujiambia kwamba huko hatakuwa mgeni sana.

Leo nataka tuizungumze safari moja ya aina hiyo. Haikuharibiwa na ajali wala ugonjwa. Mengi yaliyoahidiwa yalikuwapo, lakini watu watatu waliokwenda pamoja kwa mapenzi walirudi Mombasa wakitazamana kwa pembe za macho. Wenyewe wameniruhusu kusimulia kwa sharti kwamba nisiwataje kwa majina wala nisiitaje hoteli, na sharti hilo nimelikubali.

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, mwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini, alifiwa na baba yake. Mama yake alikaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyoamrishwa. Alipotoka, mwanawe aliona jinsi alivyokonda na jinsi maneno yalivyompungua, akaazimia kumpa zawadi. Alikusanya akiba ya miaka miwili, akauza na pikipiki yake, akanunua safari ya watu watatu, yaani yeye, mkewe na mama yake. Wangelala mara tano katika kisiwa kidogo cha Maldivi chenye hoteli moja na kisicho na kitu kingine chochote. Tangazo la wakala lilisifu utulivu wa mahali pasipo na mtu wa kumsumbua mgeni, na hilo ndilo lililomvuta. Aliamini kwamba mama aliyechoka huhitaji kimya.

Waliondoka Mombasa mwezi wa Agosti, wakapitia Nairobi na Doha, wakafika Malé jua likiwa limekwisha kuzama. Hapo ndipo walipoambiwa kwamba ndege ndogo zinazotua juu ya maji, ambazo ndizo huwapeleka wageni katika visiwa vya mbali, haziruki usiku. Wakala hakulitaja jambo hilo. Ikawabidi watafute pa kulala mjini kwa gharama yao, na malazi ya usiku ule kule hotelini, waliyokwisha kuyalipia, yakapotea.

Ajabu ni kwamba usiku ule kijana aliuhesabu kuwa hasara, na mama aliuhesabu kuwa faida. Alfajiri aliamshwa na adhana iliyotoka misikiti miwili mitatu kwa pamoja, kama anavyoamshwa nyumbani kwake. Mama wa nyumba waliyolala alimletea chai na chakula cha asubuhi cha nchi ile, nyama ya jodari iliyochanganywa na nazi ya kukuna, kitunguu na pilipili, huliwa kwa chapati nyembamba. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa na salamu moja. Walioneshana picha za wajukuu, na yule bibi akamwashiria kwa mkono upande wa kibla. Huku kwetu Mombasa tunaelekea kaskazini, maana Makka iko juu yetu moja kwa moja. Kule Malé mtu huelekea magharibi, akipindia kidogo kaskazini. Bi Mkubwa alilikumbuka hilo na kulisimulia aliporudi, kuliko alivyoisimulia bahari.

Asubuhi wakapelekwa kisiwani kwao. Uzuri ulikuwapo, na hilo hakuna aliyelikana. Lakini upepo ulikuwa mkali, mvua ikija na kuondoka, na maji yalikuwa na rangi ya majivu kwa siku mbili. Upande mmoja wa ufuo mchanga ulikuwa umeliwa na mawimbi, na hoteli ilikuwa imepanga magunia ya mchanga mahali ambapo picha zilionyesha watoto wakicheza. Chumba cha kulia kilikuwa kimoja, na baa ilikuwa ndani yake. Mkaza mwana aliniambia kwamba nguruwe aliwekwa katika meza ile ile ya bufe, hatua chache tu kutoka kwenye samaki, na vijiko vilikuwa vikihama kutoka sahani hadi sahani. Kuanzia hapo mama akawa anakula matunda, mayai ya kuchemsha na wali mweupe.

Saa nayo iliwachanganya. Hoteli kadhaa za Maldivi huweka saa zao mbele kwa muda wa saa moja kuliko saa ya Malé, ili wageni wapate mwanga mrefu zaidi wa jioni. Bi Mkubwa alikuwa ameambiwa mjini kwamba Adhuhuri huingia baada ya saa sita na robo mchana. Alitazama saa ya ukutani, akaona wakati umepita, akaswali. Mwanawe alipoangalia simu yake akagundua kwamba saa sita ilikuwa haijatimia. Mama akairudia swala bila ya kusema neno, lakini kutoka siku hiyo hakuiamini tena saa yoyote ya mahali pale. Alikaa dirishani akikitazama kivuli cha mnazi.

Siku ya tatu, kijana aliyekuwa akisafisha chumba aliuona mswala umetandikwa, akatoa salamu. Mama akamuuliza kwa Kiarabu kidogo alichokijua kama kuna msikiti. Ulikuwapo, mdogo, nyuma ya jenereta, katika makazi ya wafanyakazi, mahali ambapo wageni hawafiki. Yule kijana alikwenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wake, na jioni akaja kumchukua. Bi Mkubwa akaswali Magharibi nyuma ya pazia, na imamu alikuwa mpishi. Aliniambia kwamba katika safari nzima ya kisiwa kile, dakika kumi zile ndizo alizohisi kuwa amealikwa.

Usiku huo huo, wakiwa mezani, mwanawe akashindwa kuvumilia. Alikuwa amemwona mama yake ameshinda chumbani, amekula wali mtupu, na sasa uso wake umechangamka kwa sababu ya msikiti wa wafanyakazi, si kwa sababu ya yale yote aliyoyalipia. Akasema, "Mama, kuna watu wanaoota kufika hapa. Mimi nimeuza pikipiki yangu. Hata kutabasamu mbele ya bahari hii umeshindwa?"

Mama akajibu, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri." Kisha akainuka, akarudi chumbani.

Jibu hilo, wasomaji, ni dua, na pia ni mlango uliofungwa. Wiki tatu baada ya kurudi, mama na mwana walikuwa wakisalimiana na kuulizana hali ya maji na umeme, basi. Kijana aliwaambia rafiki zake kwamba mama hana shukrani. Mama alimwambia dada yake maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Miezi minne na siku kumi nilikaa na kuta zangu. Lakini hata ndani ya eda, jirani alikuwa akigonga mlango na kunijulia hali. Kule hapakuwa na wa kugonga."

Basi tuulizane, nani alikosa? Ni rahisi kuilaumu hoteli, na ni rahisi zaidi kumlaumu kijana. Mimi naona tuanze kwa kuielewa bidhaa yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunainunua bila ya kujua jinsi ilivyotengenezwa.

Maldivi ni nchi ya visiwa vinavyokaribia 1,200, vilivyotawanyika baharini kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kaskazini hadi kusini. Visivyofika 200 kati ya hivyo ndivyo vinavyokaliwa na wananchi. Watu wake waliingia katika Uislamu mwaka 1153, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika kwao mwaka 1343 na akafanywa kadhi. Msikiti wao wa kale wa Ijumaa mjini Malé, uliojengwa mwaka 1658, ni wa mawe ya matumbawe, kama ilivyo misikiti ya kale ya pwani yetu. Kwa hakika hao ni jamaa zetu wa bahari moja, na mtu wa Lamu akitembea katika mitaa yao hatahitaji kufasiriwa mengi.

Lakini hoteli za kitalii hazikujengwa katika mitaa hiyo. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972 katika kisiwa kisichokuwa na wakaazi, na baada yake serikali ikaufanya huo kuwa mpango wa nchi, kwamba kila hoteli iwe na kisiwa chake pekee, mbali na vijiji. Sababu mojawapo ilikuwa ni kuilinda dini na mila. Pombe na nguruwe ni haramu kisheria katika visiwa vya wananchi, na huruhusiwa katika visiwa vya hoteli. Mtalii apate anachokitaka bila ya kumkera mwenyeji, na mwenyeji apate fedha bila ya kuharibiwa watoto wake. Ni hoja yenye uzito, na fedha kweli zilikuja.

Matokeo yake ni kwamba kisiwa cha hoteli ndani ya nchi ya Waislamu ndicho mahali pa mwisho ambapo mgeni Muislamu atakutana na Uislamu wa nchi ile. Familia yetu ilidhani imenunua safari ya kwenda kwa ndugu zake, kumbe ilikuwa imenunua safari ya kwenda mahali palipotengwa makusudi ili ndugu hao wasionekane. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi huo haukuficha kitu kwa hila, kwa maana sheria ya nchi ni ya wazi. Ni kwamba hakuna aliyeufungua kabla ya kulipa.

Kisha kuna suala la fedha, na hapa nawaomba wenye kupanga safari washike kalamu, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Bei inayotangazwa aghalabu si bei itakayolipwa. Hoteli huongeza ada ya huduma ya asilimia 10. Juu ya hapo kuna kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Tena kuna kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku katika hoteli za visiwani. Tuchukue mfano wa chumba kilichotangazwa kwa dola 400. Ongeza ada, zinakuwa 440. Ongeza kodi, zinakuwa 514 na senti 80. Ongeza kodi ya mazingira ya watu watatu, zinafika 550 na senti 80. Kwa kulala mara tano, mtu aliyejiandaa kwa dola 2,000 atadaiwa 2,754, na hapo ndege ya majini, ambayo huweza kugharimu mamia ya dola kwa kila mtu, bado haijahesabiwa. Chupa ya maji nayo hulipiwa kwa bei ya mahali pasipo na duka la pili.

Majira nayo yana hesabu yake. Sisi watu wa pwani tunazijua pepo, na tunadhani kwamba tunazijua kote. Upepo wetu wa kusi ndio unaovuka bahari na kufika kwao kutoka kusini magharibi, na huko huleta mvua na mawimbi tangu takriban mwezi wa Mei hadi Oktoba. Miezi yao mikavu ni ile ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi. Likizo yetu ya Agosti, basi, huangukia katikati ya majira yao ya mvua, na ndiyo sababu bei za wakati huo huonekana kuwa nafuu. Mchanga pia huhama kwa pepo hizo, ukaliwa upande mmoja wa kisiwa na kurundikwa upande wa pili, hivyo ufuo uliopigwa picha mwezi wa Februari huenda usiwepo mwezi wa Agosti. Na matumbawe, ambayo picha huyaonyesha yana rangi za kila namna, yaliungua kwa joto la bahari mwaka 1998 na tena mwaka 2016, na sehemu nyingi hazijarudi kama zilivyokuwa. Joto lile la mwaka 1998 liliyapiga hata matumbawe yetu ya hapa Kenya, kwa hivyo tusiwacheke.

Je, nasema kwamba watu wasiende Maldivi? La hasha. Nasema kwamba kuna Maldivi mbili, na mtu achague akiwa anajua. Kuanzia takriban mwaka 2009 wananchi waliruhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa vyao wenyewe, na visiwa kama Maafushi sasa vimejaa nyumba hizo. Huko adhana husikika, chakula ni halali bila ya kuuliza, hakuna pombe, wanawake wanaogelea kwa nguo zao za heshima, na kodi ya mazingira katika nyumba ndogo zenye vyumba visivyozidi 50 ni dola 6, yaani nusu. Nyumba hizo nazo zina ila zake. Vyumba huwa vidogo, mitaa hubanana, kelele za ujenzi husikika, na boti za umma zilizo rahisi aghalabu hazisafiri siku ya Ijumaa. Kizuri hakikosi ila. Lakini ila hizo ni za mahali penye watu, na mtu wa Mji wa Kale anazijua.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, muulizeni wakala maswali haya, na majibu yawe kwa maandishi. Kisiwa hicho kinakaliwa na wananchi au ni cha hoteli peke yake? Ndege yetu itafika saa ngapi, na usafiri wa kutoka Malé hadi kisiwani upo saa hiyo? Bei hii imejumuisha ada na kodi zote? Jiko la halali limetengwa, au ni meza moja kwa wote? Msikiti upo, na mgeni anaruhusiwa kuingia? Saa ya kisiwani ni sawa na ya Malé? Mwezi huo upepo unavuma kutoka wapi, na picha hizi zilipigwa lini? Kuuliza si ujinga. Dini yetu inamtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake kabla ya kupokea thamani, na wakala asiyetaka kujibu amekwisha kujibu. Na mambo ya swala ya safari, kukusuru na kujumuisha, yanahesabiwa kwa idadi ya siku mnazonuia kukaa, basi muulizeni shekhe wa msikiti wenu kabla ya kufunga mizigo.

Somo hili linatuhusu hata sisi tusiosafiri, maana kila mara huja watu na ramani za hoteli za kujengwa katika visiwa vyetu. Sisi tunacho kile ambacho familia ile ilikikosa. Shela na mji wa Lamu zina wageni wengi, na bado mgeni huyo husikia adhana, hupishana na punda vichochoroni na hupewa salamu na watoto wanaotoka madrasa. Kule Wasini wanawake wa kijiji walitengeneza njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe na mikoko, na mgeni hulipa kiingilio kinachoingia katika mkoba wa kijiji. Hapo mwenyeji ni mwenyeji, na methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone ina maana. Tukijadili hoteli mpya katika vikao vyetu, tusiulize tu ajira ni ngapi. Tuulize pia kama mgeni na mwenyeji wataonana uso kwa uso, na kwa masharti gani. Wenzetu wa Maldivi waliwatenga kwa nia ya kujilinda, kisha baada ya miaka karibu arobaini wakaona haja ya kufungua mlango. Tuna nafasi ya kujifunza kabla ya kufunga wetu.

Nirudi kwa mama na mwanawe, kwani najua wengi mnataka kujua. Mkaza mwana ndiye aliyewapatanisha. Alimwendea mumewe akamwambia yale maneno ya kuta na jirani, ambayo mama hakuwahi kuyasema mbele yake. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa mama yake akamuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla ya safari: "Mama, wewe mwenyewe ungependa nini?" Jibu halikuhitaji ndege. Mama alitaka kwenda Lamu kumwona rafiki yake wa utotoni, ambaye alimkosa wakati wa msiba kwa sababu ya ugonjwa, na alitaka wakae naye barazani, si kwa siku tano, kwa siku yoyote ile ambayo mwenyeji atawavumilia.

Katika kisa hiki mimi simwoni mtoto mbaya wala mama asiye na shukrani. Naona mapenzi yaliyokosa maswali. Kijana aliiona huzuni ya mama yake, na hilo ni jambo kubwa, kwani wengi hawaioni. Alichokosa ni kuuliza huzuni ile ilitokana na nini. Alidhani mama amechoshwa na watu, kumbe mama alikuwa na njaa ya watu. Mjane anapotoka eda, sisi huwa tunashughulika na urithi, karatasi na nyumba, na tunasahau kwamba mtu huyo anarudi katika mji ambao haumo tena mtu aliyekuwa akiuona naye. Mpelekeni mahali penye wenzake. Mkaribishe jirani kwake. Kama ni safari, basi iwe ya kuelekea kwa watu.

Nanyi akina mama, nawaomba radhi kwa neno hili moja. Dua ya kumfunga mtoto mdomo haimfunzi kitu. Bi Mkubwa angemwambia mwanawe pale pale mezani, kwa upole, kwamba bahari ni nzuri lakini moyo wake unatafuta watu, huenda wiki tatu za ubaridi zisingekuwapo. Watoto wetu hawasomi nyoyo. Wanasoma tunachowaambia, na tunaponyamaza hujisomea wenyewe, na aghalabu husoma vibaya.

Yeyote anayepanga safari ya likizo hii, na aanze kwa kikao cha nyumbani kabla ya kikao na wakala. Kila atakayesafiri aulizwe, mkubwa na mdogo, na aliye mkimya aulizwe mara mbili. Mwenyezi Mungu azibariki safari zenu, awarudishe salama kwa wenyeji na majirani zenu, na awarehemu waliotutangulia.

Wabillahi tawfiq.